Doksisaiklini na isotretinoini: ipi huvumilia pombe?

Kwa anayetibiwa chunusi, glasi moja ya bia haina uzito sawa katika dawa hizi mbili. Doksisaiklini, ambayo ni antibayotiki, kwa kawaida huvumilia kinywaji cha mara mojamoja, ingawa kwa mlevi wa kila siku ini huiondoa mwilini upesi na nguvu yake hupungua. Kidonge chenyewe kimezwe kwa glasi nzima ya maji, mtu akiwa ameketi wima, kwani kikikwama huunguza umio. Isotretinoini, dawa ya chunusi kali inayotokana na vitamini A, ni suala jingine kabisa: inaweza kupandisha mafuta ya damu na vimeng'enya vya ini (protini ambazo kupanda kwake huweza kuashiria ini linaumia), mambo ambayo pombe nayo huyachochea, ndiyo maana daktari huagiza vipimo vya damu. Hapa ningeshauri kuacha pombe hadi dozi iishe, na aliyekunywa amweleze daktari kabla ya kupimwa.