Laptopu Imechoka: Uanze Kubadilisha Kipi?

Wiki iliyopita nilikaa kwenye steshenari ya dada mmoja pale Ngamiani, Tanga, tukisubiri laptopu yake iwake. Nilipima kwa saa ya simu: dakika nne na sekunde kumi. Wateja watatu wamesimama, mmoja anataka CV yake ichapwe kabla basi la Korogwe halijaondoka. Ukitega sikio karibu na kibodi unasikia tk, tk, tk, kama kuku anadonoa mahindi kwenye sinia. Fundi alishamwambia anunue RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo programu hutumia zikiwa zimefunguliwa. Nikamwomba asitoe hela kwanza.

Fungua programu unazotumia kila siku, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, dirisha la Task Manager likifunguka uingie Performance. Kama Disk imeganda kwenye asilimia 100 huku Memory, yaani RAM, iko 50 au 60, tatizo si RAM. Yake ilisomeka hivyo hivyo.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni SSD, yaani kifaa cha kuhifadhia faili kwenye chipu, na sioni cha kuikaribia kama mashine yako bado ina diski ya zamani inayozunguka (hard disk). Diski hizo za laptopu nyingi huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinahangaika huku na huku kutafuta kila faili. SSD haina kinachozunguka. Ya inchi 2.5 inayotumia SATA, kiunganishi kilekile cha diski za zamani, husoma karibu megabaiti 500 kwa sekunde, diski ya zamani kama 100, na kwenye faili ndogondogo inaachwa mbali zaidi. SSD hiyo inakaa pale pale ilipotoka diski. Kwa anayechapa barua, GB 256 zinatosha. Kama mashine yako ina nafasi ya M.2, yaani tundu la SSD nyembamba kama kipande cha RAM, uliza vizuri kabla ya kulipa: nyingine hupokea SATA tu, nyingine NVMe, ambayo ni njia tofauti ya kupitisha data, na kwa macho zinafanana. Ukitajiwa TB 2 kwa bei ya kutupa, pita. Zipo bandia zinazodanganya ukubwa, na kazi zako ndizo zitakazopotea.

RAM inafuata, na inunue pale tu Memory inapokaa juu ya asilimia 85 ukiwa kazini. Kutoka GB 4 kwenda 8 utaona tofauti. Kutoka 8 kwenda 16, kwa barua na intaneti, hela hiyo kalipie kitu kingine. Chomoa kipande kilichomo usome kibandiko chake. Kuna aina mbili zinazochanganywa: PC3L hutumia volti 1.35, PC3 volti 1.5, na vyote vinaingia kwenye tundu moja. Mimi niliwahi kuuziwa PC3 kwa mashine iliyotaka PC3L. Ikakaa sawasawa, skrini ikabaki nyeusi, na muuzaji akakataa kurudisha fedha. Tangu hapo nabeba kipande cha zamani hadi dukani. Laptopu nyembamba nyingi zina RAM iliyochomelewa kwenye bodi, hizo haziongezeki.

Siku hiyo hiyo mashine ikifunguliwa, feni isafishwe na pasta ya joto, ile inayopakwa juu ya prosesa kuondoa joto, ibadilishwe. Kwa joto letu, prosesa ikichemka hujipunguza kasi yenyewe, na watu wanadhani imezeeka.

Betri naiweka ya nne, ingawa umeme ukikatika katikati ya barua ya mtu utaitamani. Lakini ikiwa imevimba, ukaona padi ya kugusia imenyanyuka, acha kuchaji leo na uitoe kabla ya mengine yote. Prosesa usiisumbukie, kwa laptopu nyingi imechomelewa. Skrini na kibodi, mpaka ziharibike.

Jambo moja zaidi: Microsoft ilimaliza kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida hudai prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Mashine ya 2013 haifiki huko hata uiwekee nini. Mimi huziwekea Linux Mint, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ambao ni wa bure. Na kama vifaa vyote vikizidi nusu ya bei ya laptopu nyingine ya mtumba iliyo nzima, nunua hiyo nyingine.

Dada wa Ngamiani alinunua SSD tu. Diski inayogonga vile inakaribia kufa, kwa hiyo tulianza kwa kunakili barua za wateja kwenye flashi mbili, ndipo nikashika bisibisi. Sasa inawaka kwa sekunde 26.