Ofisi ya uwakili imependeza, ila siri za wateja zinasikika hadi mapokezi

Nianze na kilichonikera, mazuri yatafuata kama hasira itaniruhusu. Kampuni ya usanifu wa ndani tuliyoipa kazi ya kuibadilisha ofisi yetu ya uwakili imetujengea chumba cha mashauriano ambacho kila linalosemwa ndani yake linafika mapokezi. Sisemi mnong'ono. Nasema neno zima, pamoja na jina la mtu na kiasi cha pesa.

Nilijuaje? Muda si mrefu baada ya kuhamia, nilimaliza kuongea na mteja wa mirathi, nikamsindikiza hadi mlangoni, nikamkaribisha aliyefuata. Mtu mzima, mstaarabu, alikuja kwa shauri lake la mkataba. Hata hajakaa vizuri akaniambia, "Wakili, mpe pole yule mama. Ila mwambie asitie saini, huyo shemeji yake ana lake jambo." Nilibaki nimemtazama. Ushauri wenyewe ulikuwa sahihi, na hilo lilizidi kuniudhi.

Kwa wasio wa fani hii, naomba mwelewe uzito wake. Mtu anakuja kwa wakili kusema yale ambayo hata nyumbani hayajui mtu. Wakili akiyaacha yavuje kwa uzembe, nidhamu inamhusu, na upande wa pili unaweza kusimama mahakamani ukadai kwamba kilichosemwa mbele ya watu baki hakina tena kinga ya siri. Rangi ya ukuta ikikosewa unapaka upya. Siri ikishatoka, utaipaka nini?

Tulichoomba hakikuwa cha ajabu. Mzee aliyetuanzishia kazi hii amestaafu, tukataka ofisi mpya imkumbuke: mbao nyeusi, vitabu vya hukumu vyenye jalada la ngozi, mlango wa kioo cha ukungu wenye majina ya mawakili kwa rangi ya dhahabu. Humohumo tukataka mikutano ya video, soketi za kutosha, na mwanga usiotuumiza macho saa mbili usiku tukiwa bado tunapitia hati. Ya kale na ya sasa yakae chumba kimoja bila kugombana.

Mbunifu wao mkuu alituelewa haraka mno. Alikuja na michoro, na maneno mengi zaidi ya michoro. Alinisimulia habari za ile taa ya mezani yenye kofia ya kioo cha kijani, namna McFaddin wa Marekani alivyoiombea hataza mwaka 1909 na kuiuza kwa jina la Emeralite hadi ikawa kama sare ya mabenki na ofisi za sheria. Nilifurahi kusikia. Leo nikilikumbuka somo lile nacheka kwa uchungu: anajua taa ilizaliwa lini, hajui sauti inapita wapi.

Maana sauti inapita juu. Ukuta unaotenganisha chumba cha mashauriano na mapokezi haufiki kwenye zege. Umeishia kwenye dari la kuning'inia, na juu ya dari hilo kuna uwazi mmoja mrefu usio na kizuizi, unaounganisha vyumba vyote. Mteja anaongea, sauti inapanda, inavuka, inashuka upande wa pili. Ukuta wenyewe ni patisheni ya jipsamu iliyobandikwa vipande vya mbao upande mmoja, wenye kioo katikati. Ukiugonga kwa kidole unalia kama debe tupu. Tena chini ya ule mlango mzuri wa majina ya dhahabu kuna uwazi ambao bahasha nene inapita bila kukunjwa. Nimeipitisha mwenyewe, nikaiokota upande wa pili.

Fundi wa mambo ya sauti tuliyemwita baadaye alinieleza jambo ambalo sijalisahau. Ukiacha tundu lenye ukubwa wa asilimia 1 tu ya eneo la ukuta, ukuta mzima hauwezi kuzuia zaidi ya desibeli 20 hivi, hata kama sehemu iliyobaki umeijenga kwa zege. Maongezi ya kawaida, ukiwa mita moja kutoka kwa msemaji, ni karibu desibeli 60. Toa hesabu mwenyewe. Mapokezi wanabakiwa na sauti ya kutosha, na hakuna la kufanya pale zaidi ya kusikiliza.

Na wanasikilizia wapi? Kwenye benchi la mzee! Benchi refu la mbao ambalo wateja wamelikalia miaka na miaka, tukalipenda, tukasema lazima lije. Mbunifu akaliegemeza kwenye ukuta huohuo. Kisogo cha anayesubiri kinagusa patisheni.

Hapa ndipo ninapoona walichukua sura ya ofisi ya zamani, roho yake wakaiacha. Ofisi ya mzee ilikuwa na ukuta wa tofali na mlango wa mbao ngumu ambao ilibidi uusukume kwa bega. Chumba chake cha kuongelea kilizungukwa na rafu za vitabu kutoka sakafuni hadi juu, na zulia zito chini. Sasa vile vitabu vimehamishiwa mapokezi "ili mgeni akiingia apate taswira", na chumba cha siri kimebaki na kioo, meza na sakafu tupu. Vitabu vinalinda meza ya mapokezi, ambako hakuna siri.

Nikampigia simu mbunifu. Nilikuwa mpole, naapa. Nikamweleza lilivyotokea. Akanyamaza kidogo, kisha kwa sauti ya mtu anayemwonea huruma mtoto akasema, "Wakili, kwani hamuwezi kuongea taratibu?"

Sikuamini. Nikamuuliza kama anataka nimwambie mama aliyefiwa na mume alie taratibu. Akasema basi tuweke muziki mapokezi. Nikamwambia ukuta ujengwe hadi juu, akajibu kwamba hilo "litaua wepesi wa muundo". Wepesi wa muundo! Halafu akamalizia, "Wewe soma sheria, ndugu yangu, urembo niachie mimi." Nilikata simu kabla sijasema neno ambalo lingehitaji wakili mwingine kunitetea.

Sasa haki itendeke, maana kwa kazi yangu siwezi kusikiliza upande mmoja. Meza ya mzee wameifanyia kazi ambayo hata mimi mwenye hasira nashindwa kuitukana. Nilikuwa na hofu wataipiga msasa hadi mbao ing'ae kama mpya, kisha waimwagie vanishi ya plastiki. Hawakufanya hivyo. Fundi seremala wao, mtu wa maneno machache kuliko bosi wake, aliisafisha kwa kitambaa, akarudishia shelaki, ile vanishi ya asili ya zamani, palipochakaa, koti juu ya koti, jembamba. Doa la wino kwenye kona ya kulia lipo. Mdomo wa droo ya juu, pale vidole vya mzee vilipovutia kila siku hadi mbao ikaliwa na kuwa laini, haukuguswa. Na ukiivuta droo hiyo, ndani yake kuna soketi na sehemu ya kuchajia simu, waya umepitishwa nyuma ya mguu, juu ya meza hakuna tundu hata moja. Mzee alipokuja kutusalimia aliivuta ile droo, akaifunga, akaivuta tena. Hakusema kitu, ila alikaa pale kuliko alivyopanga.

Kabati za vitabu nazo ni sahihi kabisa: zile za masanduku ya kupangana, mtindo ambao Globe-Wernicke waliusambaza sana Marekani, wenye mlango wa kioo unaouinua na kuusukuma ndani juu ya vitabu. Mwanga pia waliupatia, balbu za mwanga wa manjano (kelvini 2700, kipimo cha rangi ya mwanga) mapokezi ili mbao ipate joto lake, na zenye mwanga mweupe zaidi (4000) pale tunaposomea. Wateja wanaingia wanasifu. Mmoja alisema akikaa hapa anajisikia ameshinda kesi tayari.

Kwa hiyo nilipoanza kuandika haya nilikuwa nataka kusema msiwaajiri kabisa. Nikifika kwenye ile meza moyo unalainika, nasema waajirini kwa samani, ukuta mpeni mtu mwingine. Na kama mna duka la nguo au mgahawa, ambako hakuna anayejali nani anasikia nini, mtawapenda sana. Ila ofisi ya wakili, ya daktari, ya mshauri wa ndoa, kabla hamjatia saini mchoro wowote waulizeni swali moja: ukuta huu unaishia wapi? Wakijibu "kwenye dari", kalamu rudisheni mfukoni.

Siku hizi tunaongelea mambo mazito chumba cha faili, tumekaa kwenye viti vya plastiki, katikati ya makaratasi yanayonyonya sauti vizuri kuliko kitu chochote tulicholipia. Wenyewe wameniandikia, kwa lugha tamu, wakiomba kuja kupiga picha za chumba cha mashauriano ili waionyeshe kazi yao. Nimewajibu karibuni sana, ukuta ukishafika juu. Hawajarudi.

Nyota tatu, kwa heshima ya yule seremala. Niliishia hapo, nikawa napitia nilichoandika, mara nikamsikia mwenzangu upande wa pili wa ukuta akimtajia mtu namba ya faili na jina la ukoo. Mbili.