Wiki kumi na moja za Baharia: uzoefu wangu na hospitali ya punda Amu

Nianze na kosa langu, maana bila hilo hospitali yenyewe ningeendelea kuijua kwa nje tu. Nimefuga punda hapa Amu, yaani mji wa Lamu, tangu ujana, na kila siku nilikuwa naipita nikielekea gatini. Nikidhani ni mahali pa punda wasio na wenyewe, wale wanaokula maboksi ufukweni. Punda wangu mimi nilikuwa nawatibu mwenyewe.

Baharia, mmoja wa punda wangu wawili, alikatwa na bati. Tulikuwa tumepakia mchanga, mimi nyuma, mtoto wa ndugu yangu mbele na Nahodha, punda wa pili, ambaye ndiye mwenzake Baharia tangu wakiwa wadogo. Mitaa ya Amu mnaijua: punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja lazima ajibanze ukutani. Mji ulitiwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, lakini vichochoro havikupanuliwa hata shubiri, na mzigo wa nyumba nzima bado unapita mgongoni mwa punda. Basi kwenye kona moja ya mtaa wa Langoni kulikuwa na nyumba inajengwa, mabati yameegemezwa ukutani ncha nje. Baharia akajibanza kumpisha punda wa watu aliyebeba mawe, na mguu wake wa nyuma wa kulia ukapita kwenye ncha. Hakulia. Hakuruka. Mimi niliiona damu chini kwanza, nikatafuta ni ya nani.

Tukamaliza safari. Ndiyo, tulimaliza. Punda afe mzigo ufike, wazee walisema, na kazi yetu hii tumeijenga juu ya neno hilo.

Jioni nikaosha kidonda kwa maji ya pwani, nikatia jivu, na juu yake oili chafu ya mashine ya boti ili nzi wasitue. Nikafunga kwa kipande cha gunia. Baba yangu alifanya hivyo na punda wake wakapona, au mimi nawakumbuka waliopona tu. Kesho yake nikaenda kwenye duka moja la dawa za mifugo, silitaji, na muuzaji akanipa dawa ya kupuliza ya zambarau na kichupa cha sindano. "Mpige shingoni," akasema. Hakuuliza kidonda kiko wapi. Hakuuliza hata ni mnyama gani.

Siku ya nne kijana akaniambia, "Ami, mguu unanuka." Nikafungua gunia. Mabuu.

Siku hiyo hiyo akapita dalali mmoja, akamtazama Baharia anavyosimama kwa miguu mitatu, akataja bei. Biashara ya ngozi za punda iliipandisha bei ya punda Kenya nzima, na hata baada ya Umoja wa Afrika kukataza mwezi Februari 2024 punda wasichinjwe kwa ajili ya ngozi zao, madalali hawakwisha. Nikamwambia, "Huyu ni mgonjwa." Akanijibu, "Ngozi haina kidonda." Nadhani ni neno lile lililonitoa nyumbani zaidi ya harufu.

Kutoka kwangu hadi hospitalini ni mwendo wa dakika kumi. Tulichukua karibu saa nzima.

Kwa wasiojua: hospitali ile ni ya shirika la Uingereza, The Donkey Sanctuary, lililoanzishwa na bibi mmoja, Elisabeth Svendsen. Hapa Amu walifungua mwaka 1987. Mimi nilikuwa kijana, na nakumbuka tulicheka: mzungu kaja na meli ya dawa kwa ajili ya punda! Meli haikuwapo, tulitia chumvi wenyewe. Kicheko kilikuwapo.

Aliyetupokea ni daktari msichana, wa bara kwa lafudhi yake. "Shikamoo mzee." Nikamwitikia, nikamwonyesha mguu. Hakuutazama. Alirudi nyuma hatua kadhaa, akasimama kimya akimwangalia Baharia kutoka masikio hadi mkia, muda mrefu kiasi cha kuniudhi. Kisha akauliza, "Ameacha kula tangu lini?"

Nikasema anakula, jana nimemwona na majani mdomoni. Akachukua konzi ya majani, akampa. Baharia akayapokea. Akayashika mdomoni. Taya halikwenda. Tukasubiri, na majani yakabaki yananing'inia vile vile. "Huyu anaigiza kula," daktari akasema. "Punda hufanya hivyo. Farasi akiumwa hugaagaa, watu wakaona. Punda huficha, mpaka siku anayoshindwa kuficha huwa mmechelewa." Akanieleza kwamba punda akikaa na njaa, mwili huanza kuyeyusha mafuta yake kwa fujo, yakajaa kwenye damu hadi ini lisiweze. Kwa hiyo Baharia angeweza kufa huku mimi nahangaika na mguu.

Halafu akauliza swali ambalo sikulitarajia kwa daktari yeyote: "Mwenzake yuko wapi?"

Nahodha nilikuwa nimemwacha nyumbani, kwa sababu ana kazi. Daktari akasema aletwe. Punda waliozoeana ukiwatenga, wote wawili huvunjika moyo, na mgonjwa ndiye wa kwanza kususa chakula. Nikamtuma kijana. Nahodha alipoingia uani walinusana shingo, wakasimama ubavu kwa ubavu, na sikufika kumaliza kusalimiana na watu wa pale kabla taya la Baharia halijaanza kusaga. Nimefuga punda zaidi ya miaka thelathini. Niliona haya.

Sasa ndipo alipoanza kumpima. Kipimo cha joto kilisoma 38.9. Punda mzima, alinionyesha kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, ni kati ya 36.5 na 37.8, na moyo hupiga mara 36 hadi 52 kwa dakika. Wa Baharia ulipiga 64. Alinishika vidole akaniwekea chini ya taya la punda, pale mshipa unapopita juu ya mfupa, nihesabu mwenyewe. Siku hizi nawapima wote wawili asubuhi kabla ya kupakia, hunichukua muda wa kunywa nusu kikombe cha kahawa.

Jambo lililonikaa zaidi kichwani ni lile la kifundo. Kidonda kilikuwa kwenye ugoko, lakini ncha ya chini ilikaribia kifundo kile cha juu ya kwato. Daktari alisema kama bati limetoboa hadi ndani ya kifundo, habari ni nyingine kabisa, pengine habari ya kumuua asiteseke. Wakampiga sindano ya kumlegeza. Baada ya dakika chache kichwa kikashuka, mdomo wa chini ukalegea kama wa mzee aliyesinzia msikitini. Wakanyoa manyoya upande wa pili wa kifundo, ule usio na kidonda, wakasafisha sana, akaingiza sindano ndefu hapo na kusukuma maji safi ya dawa ndani ya kifundo. Sote tukainama kuangalia kidonda upande wa huku. Maji yakitokea huku, kifundo kimetoboka. Akasukuma tena. Kifundo kikavimba kidogo, kidonda kikabaki kikavu. Daktari akapumua, nami nikagundua kwamba nilikuwa sijapumua.

Baada ya hapo ni kuosha. Kuosha, kuosha, kuosha. Waliondoa mabuu kwa koleo dogo, wakakata nyama iliyokufa, wakatoa oili yangu na jivu langu na zambarau ya duka. "Hivi vyote," akasema bila ukali, "vinaua nyama mpya inayotaka kuota." Dawa aliyonifundisha ya kuoshea nyumbani ni maji yaliyochemshwa yakapoa na chumvi, vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa kwa lita moja. Basi. Nilimuuliza mbona hashoni. Akasema kidonda cha siku nne chenye uchafu ukikishona unaufungia usaha ndani. Hiki kitajazwa na mwili wenyewe kutoka chini kwenda juu, na itachukua muda, kwa sababu mguu wa punda huko chini ni ngozi na mfupa, hakuna nyama ya kuvutia ngozi ikutane.

Akapigwa penisilini, dawa ya maumivu, na kinga ya pepopunda. Hapo daktari akanitania. Nilimwambia sikujua kuna chanjo. Akasema, "Ugonjwa mmeupa jina la punda, na punda mwenyewe hamkumchanja. Jina mnalo, chanjo hamna." Nilicheka, lakini usiku nikaifikiria. Wanyama wa ukoo wa farasi ndio wanaoangushwa upesi na pepopunda kuliko karibu mnyama yeyote wa nyumbani, na mimi nilikuwa nimemfungia jeraha la bati kwa gunia la udongo.

Alilazwa siku 12, Nahodha pembeni yake. Siku ya tisa alimpiga teke msaidizi aliyekuwa anabadilisha bandeji. Shukrani ya punda, kama kawaida. Yule kijana aliyepigwa alifurahi: teke lilitoka mguu mbovu.

Nyumbani ndiko kazi ilikokuwa ngumu, na hapa ndipo naomba anayesoma asidanganyike na neno bure. Matibabu yenyewe sikulipa kitu. Lakini bandeji kila baada ya siku tatu, tabaka juu ya tabaka: kitambaa kisichogandamana na kidonda, pamba nene, kisha bandeji ya kubana, isibane sana. Maji ya kuchemsha. Mahali pakavu pa kulala, wakati mimi banda langu lilikuwa tope. Na kazi hakuna. Nahodha peke yake hakuruhusiwa kubebeshwa mzigo wa wawili, daktari aliliona hilo kabla sijalifanya, akaniambia, "Mzee, usiniletee wa pili." Nikaazima punda wa binamu yangu, mapato tukagawana. Wiki hizo nyumbani tulikula samaki wadogo.

Wiki ya tano nikaona kidonda kimejaa, chekundu, kimenenepa, nikaenda kifua mbele nikidhani nitasifiwa. Daktari akakunja uso. Nyama ilikuwa imezidi, imepanda juu ya ngozi kama komamanga lililopasuka, na ngozi haiwezi kupanda mlima huo ili kufunika. Lazima ikatwe. Nikamshika Baharia kichwa nikijiandaa kuburutwa. Daktari akakata kwa wembe wa upasuaji, damu ikatiririka kuliko siku ya ajali, na Baharia akaendelea kutafuna majani, sikio moja kwangu moja kwa Nahodha. Nyama ile haina mishipa ya fahamu. Aliyekaribia kuanguka ni mimi, na waliniletea kiti. Wakafunga bandeji ya kubana, na safari hii ngozi ikaanza kuingia kutoka pembeni, rangi ya waridi, upana wa uzi kwa wiki.

Kasoro? Daktari yule haharakishwi. Kila nilipokwenda na uso wa kuomba ruhusa ya kupakia, alimtembeza Baharia kwenye sakafu ngumu, akasikiliza kwato, akasema bado. Wiki ya nane, bado. Wiki ya tisa nilimwambia yule dalali amepita tena. Akaniuliza kama nimemuuza. Nikasema la. Akasema, "Basi bado."

Mwenye punda aliyejeruhiwa namwambia hivi: mpeleke siku ile ile, na mwenzake. Usipake kitu. Ukifika na kidonda kibichi huenda kikashonwa, ukaokoa wiki nyingi nilizopoteza mimi. Na usione aibu ya kuulizwa maswali na mtoto wa juzi. Huyu wa kwangu aliniambia pia kwamba punda si farasi mdogo, dawa ya maumivu hutoka mwilini mwake upesi zaidi, kwa hiyo saa za kumpa si zile za farasi. Jambo hilo muuzaji wangu wa zambarau asingelijua hata angeuliza mnyama.

Mwisho wa wiki ya kumi na moja akasema, haya, nusu mzigo. Nikamtia Baharia shogi tupu kwanza, ile mifuko ya mzigo ya mgongoni, azoee. Tukashuka gatini kuchukua mchanga, kwa njia ile ile, kwa kuwa nyingine inazunguka. Kwenye kona ya Langoni akasimama. Nyumba ilikuwa imeshakwisha, mabati yako juu ya paa, ukuta umepakwa chokaa. Akasimama tu, masikio mbele. Nyuma yetu wakajaa watu, mama na ndoo zake, jamaa na mkokoteni akipiga kelele kwamba punda wangu ameziba mji. Fimbo nilikuwa nayo. Sikuiinua. Nahodha, aliyekuwa ametangulia, akageuka, akalia mara moja, na baada ya muda Baharia akaupita ule ukuta ubavu wake ukiwa mbali nao kadiri kichochoro kilivyoruhusu.

Tulifika gatini tumechelewa. Mchanga wetu alikuwa ameshauchukua mtu mwingine.