Meza ya plasma ya CNC nyumbani: beseni la maji au feni ya kuvuta moshi?

Ukishaunga fremu na kufunga mota za meza ya plasma ya CNC (mashine inayoongozwa na kompyuta kukata chuma kwa gesi yenye joto kali sana), linabaki swali la moshi wa kukata uende wapi. Kwa karakana iliyo ubavuni mwa nyumba, mimi nachagua maji, yakae kwenye beseni chini ya bamba linalokatwa. Beseni la mita 1.2 kwa 1.2, maji yakiwa na kina cha sentimita 10, hubeba lita 144, yaani kilo 144. Miguu ya meza iwe imara kabla hujalijaza. Maji hunasa sehemu kubwa ya vumbi na cheche, tena hupoza bamba, kwa hiyo bati jembamba halijikunji sana. Ubaya wake ni kutu: kipande kikitoka, kifute papo hapo. Na alumini ni hatari ya kweli. Masalia yake yakilala majini hutoa hidrojeni, gesi inayolipuka, ikajikusanya chini ya bamba.

Feni huacha kazi kavu, na anayekata alumini mara kwa mara itamfaa zaidi. Lakini inataka nguvu ya kutosha, bomba la kutolea moshi nje na kizuia cheche, la sivyo kichujio chake kinaweza kushika moto.

Mabati yenye zinki? Vaa barakoa ya kuchuja moshi, meza iwe yoyote.