Kulinganisha wastani wa makundi: programu ipi uchukue kabla hujatoa pesa

Wanafunzi wanaorudi Malindi kukusanya data za tasnifu huuliza swali moja: SPSS, ile programu ya takwimu ya kulipia, naipata wapi, na bei gani? Wengi wao hawaihitaji. Kulinganisha wastani wa makundi mawili, matatu au manne ni kazi nyepesi kwa programu yoyote ya takwimu, na ile ninayoiweka mbele hailipiwi hata senti.

Lakini kwanza jua unachouliza, maana programu itakujibu hata ukiuliza upuuzi. Tuchukue samaki, kwani ndio data iliyo karibu nasi. Umekaa dikoni unaandika kilo za kila chombo, kaskazi na kusi. Ikiwa vyombo ni vile vile misimu yote miwili, hilo ni jaribio la t la jozi (jaribio la t hupima kama wastani wa makundi mawili unatofautiana kweli au ni bahati tu). Ikiwa ni vyombo tofauti, ni la makundi huru. Ukichanganya hayo mawili, hakuna programu itakayokuokoa. Ukitaka kulinganisha zana za uvuvi, yaani malema (mitego), mshipi (wa ndoana) na jarife (wavu), makundi sasa ni matatu na unahitaji ANOVA, jaribio linalolinganisha wastani wa makundi matatu au zaidi kwa pamoja. Usifanye majaribio matatu ya t ukadhani umemaliza: kila moja lina nafasi ya asilimia 5 ya kukudanganya hata kama tofauti haipo, na matatu kwa pamoja hukaribia asilimia 14.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulipita mbio. Tuseme jarife siku moja limerudi tupu na kesho yake limejaa, ilhali malema yanaleta kiasi kile kile kila siku. Mtawanyiko wa makundi hayo haulingani, na jaribio la t la kawaida, lile la Gosset wa mwaka 1908, hudhani kwamba unalingana. Dawa yake ni jaribio la Welch, aina ya jaribio la t isiyodhani hivyo. Kwa hiyo ninapopanga programu natazama mambo manne: Welch inapatikana kwa urahisi? Baada ya ANOVA, itanionyesha ni kundi lipi linatofautiana na lipi? Itafanya kazi bila intaneti? Na mwisho, pesa.

1. jamovi

Ya bure, ya Windows, Mac na Linux. Imejengwa juu ya R, programu ya takwimu ya kuandika amri, lakini wewe huandiki amri yoyote, unabonyeza tu. Data ziko kushoto, majibu kulia, na ukisahihisha tarakimu moja kwenye jedwali majibu yanajibadilisha yenyewe. Kwa mtu aliyenakili kilo kutoka daftari lenye maji ya chumvi, hilo pekee linatosha kuipenda.

Kwenye jaribio la t utakuta alama ya Student (lile jaribio la kawaida la Gosset) imeshawekwa. Ongeza ya Welch hapo chini yake. Kwenye ANOVA ya njia moja (makundi yaliyogawanywa kwa jambo moja tu, kama zana), Welch ndiyo inayotangulia, na ya kufuatilia makundi ni Games-Howell ikiwa mtawanyiko haulingani au Tukey ikiwa unalingana. Weka pia alama kwenye ukubwa wa athari (tofauti ni kubwa kiasi gani) na kwenye michoro, msimamizi atakuuliza. Inafungua mafaili ya SPSS bila shida. Ubaya wake ni uzito: kuipakua kunakula bando, basi tafuta Wi-Fi ya chuo au mwombe mwenzako akuwekee kwenye flashi. Ikishaingia kwenye laptopu, haidai mtandao.

JASP, iliyotoka Chuo Kikuu cha Amsterdam, ni ndugu yake wa karibu. Ukiikuta tayari kwenye kompyuta, usihangaike kuhama.

2. R

Bure pia, na ndiyo yenye nguvu kuliko zote humu. Amri yake ya t.test hutumia Welch bila kuambiwa. Naiweka ya pili kwa sababu mtu mwenye wiki mbili za kumaliza sura ya nne hana muda wa kujifunza kuandika amri. Kama unaendelea na uzamili, ianze leo.

3. SPSS

Si programu mbaya. Ipo tangu 1968, IBM waliinunua 2009, na wasimamizi wengi wanajua kusoma majedwali yake tu. Chuo kikiwa na leseni, itumie huko huko maabara. Kulipa mwenyewe ndiko ninakokupinga. Ukilazimika, tafuta leseni ya wanafunzi ya miezi 6 au 12, na uulize kifurushi kina nini ndani: cha msingi kina jaribio la t na ANOVA ya njia moja, lakini ukipima vyombo vile vile mara tatu au zaidi utahitaji nyongeza ya juu. jamovi inakupa hiyo bure.

Kusoma jedwali lake la jaribio la t kuna mtego. Linatoa mistari miwili: wa juu unadhani mtawanyiko unalingana, wa chini haudhani. Karibu kila tasnifu niliyoshika imenakili wa juu. Mimi huchukua wa chini. Na kwenye p (nafasi ya kupata tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi kama kwa kweli haipo), ukiona .000, usiandike p = 0.000, andika p < 0.001.

Kuhusu nakala iliyovunjwa kufuli ambayo saiba watakuwekea kwa mia kadhaa: virusi vyake vitakula data zako kabla mwenye programu hajajua. Kama laptopu yako ni kuukuu na msimamizi anataka mwonekano wa SPSS, chukua PSPP. Ni nyepesi, ni ya bure, inasoma mafaili yale yale.

4. Excel

Inafaa kwa makundi mawili tu. Andika =T.TEST(A2:A31,B2:B31,2,3), ile 2 ni kwa pande mbili, ile 3 ni Welch, na ukiweka 1 mahali pa 3 unapata jaribio la jozi. Inatoa p peke yake. Ukiwasha Analysis ToolPak, nyongeza ya Excel yenyewe, unapata na ANOVA, lakini inaishia kukwambia kuna tofauti, haisemi kati ya malema na mshipi au malema na jarife. Kwenye simu ToolPak haipo kabisa.

Stata, programu nyingine ya kulipia, sijaipa nafasi. Ni nzuri, wachumi wanaipenda, ila kuilipia kwa jaribio la t ni israfu.

Ukiamua kumlipa mtu akufanyie uchambuzi, patana naye kabla hujatoa pesa kwamba atakukabidhi faili la data alilosafisha pamoja na faili la majibu lenyewe, si Word peke yake. Siku ya kujitetea mbele ya jopo utaambiwa urudie jaribio bila kile chombo kimoja kilicholeta kilo nyingi kupita vyote, na picha ya jedwali haiwezi kurudiwa.