Uzoefu wangu: Scribus kwa jarida linalosomwa kwenye simu

Jarida dogo la Kiswahili siku hizi husomwa kwenye simu, tena mara nyingi baada ya kurushwa kwenye kundi la WhatsApp. Kwa kazi hiyo natumia Scribus, programu ya bure ya kupanga kurasa inayofanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Inatosha kabisa, ila usiiachie ikuchagulie ukubwa wa ukurasa.

Ikikuletea A4, kataa. A4 ina upana wa milimita 210 na kioo cha simu ni kama 70, hivyo herufi za pointi 10 husomeka kama pointi 3 na ushee. Naweka milimita 108 kwa 192, ukurasa mmoja mmoja, safu moja, maandishi ya pointi 14. Kwenye kioo hicho hicho yanabaki pointi 9.

Safu moja si urembo. Maneno yetu ni marefu: "wanaotutegemea" likikosa nafasi linashuka zima zima, na kama umenyoosha maandishi pande zote mbili, mstari ulioachwa nyuma unatanuka na kubaki mapengo matupu. Nyoosha kushoto tu. Kukata maneno kwa kanuni za Kiingereza kuzime, la sivyo utakuta "mwan-afunzi".

Habari ikizidi fremu, yaani kisanduku kinachobeba maandishi, alama ndogo hujitokeza kwenye kona ya chini kulia. Chora fremu nyingine, rudi kwenye ile ya kwanza, bonyeza N, kisha bofya hiyo mpya, maandishi yatatiririka. Alama hiyo ni rahisi kupitwa nayo na makala ikatoka imekatwa mkia, kwa hiyo endesha Preflight Verifier, kikaguzi cha makosa cha Scribus, kila mara. Itakuonyesha pia picha zilizopotea.

Na picha hupotea kweli, kwa sababu Scribus haizihifadhi ndani ya faili lake la .sla, inakumbuka tu zilipo. Mtumie mwenzako faili hilo peke yake, atakuta fremu tupu. Dawa ni Collect for Output: hukusanya faili na picha kwenye folda moja, pamoja na fonti ukiziwekea tiki.

Wakati wa kutoa PDF, kwenye rangi chagua Screen / Web, na picha ziwekee kikomo cha dpi (nukta kwa inchi) 250. Kwa upana wa milimita 108 hiyo ni takriban pikseli 1,060. Zaidi ya hapo unamlia msomaji bando bure. Fonti zipachike, usizigeuze kuwa michoro, maana msomaji hataweza kutafuta neno wala kunakili.

Huduma za kurasa zinazojigeuza kama kitabu sizipendekezi: zinapendeza kwenye kompyuta, lakini zinamtaka msomaji awe na intaneti.

Scribus haitoi EPUB, aina ya faili la kitabu cha kielektroniki ambalo maandishi yake hujipanga kulingana na kioo. Kwa jarida la hadithi tupu, LibreOffice Writer, programu ya kuandikia, huitoa tangu toleo la 6.0 la mwaka 2018, nayo ni bure. InDesign, programu ya Adobe ya kupanga kurasa, hutoa PDF na EPUB pia, kwa malipo ya kila mwezi. Faili lake la .indd Scribus haifungui. Mwombe msanifu akuhifadhie IDML, aina nyingine ya faili la InDesign ambayo toleo la 1.6 la Scribus huipokea, kisha kagua kila ukurasa. Na kama mnafanya kazi wawili, wekeni toleo moja: faili la 1.6 halifunguki kwenye 1.4.