Rangi za akriliki za tyubu 12 kwenye sanamu ya farasi: mwili zinaumudu, jicho linazishinda

Boksi hili la tyubu 12, lile la wanafunzi linalopatikana kwenye maduka ya vifaa vya shule Kariakoo, limejaribiwa hapa kwenye sanamu ya Breyer, kampuni ya kutengeneza sanamu za farasi, ya kipimo cha 1:9 (sehemu moja ya tisa ya farasi halisi): farasi wa kahawia mwenye singa, mkia na miguu myeusi.

Kwenye mwili halina shida. Kahawia na njano ya udongo zimekolea vizuri. Rangi ya ukubwa wa harage na matone mawili ya maji hutandazika bila kuacha mistari ya brashi. Paka mara nne, nyembamba, kila mkono ukauke nusu saa. Kabla ya hapo osha sanamu kwa sabuni ya vyombo, ipitishie msasa namba 400, kisha paka praima, yaani rangi ya msingi ya kushikia, la sivyo rangi hubanduka kwa ukucha. Asetoni, kiyeyushi kilichomo kwenye baadhi ya dawa za kufutia rangi ya kucha, usiiguse kabisa, maana plastiki ya Breyer ni selulosi asetati na itayeyuka.

Nyeupe ndiyo inayoliangusha boksi. Ni nyepesi mno, na juu ya kahawia inageuka kijivu chenye ubluu. Nunua tyubu moja ya nyeupe ya titani ya daraja la wasanii, hiyo gharama haikwepeki. Ukitaka baka jeupe la usoni, lianze na nyeupe iliyotiwa njano ya udongo kidogo, ndipo nyeupe tupu ifuate. Ukingo wake usiuchore kama mpaka wa shamba: vuta vistari vifupi kufuata ulalo wa manyoya, na pembeni acha uzi mwembamba wa kijivu, pale manyoya meupe yanapolala juu ya ngozi nyeusi.

Brashi zilizomo zinafaa kupakia praima, basi. Kwa jicho tafuta namba 0 yenye ncha kali. Zile ndogo kupita kiasi hubeba rangi kidogo inayokauka kabla hujagusa sanamu, hasa feni ikiwa inazunguka. Zima feni, na rangi uiweke juu ya karatasi ya kuokea iliyolazwa kwenye sponji mbichi.

Jicho lenyewe lina upana wa milimita nne hivi. Lijaze lote kahawia nyeusi. Likikauka, weka kahawia yenye wekundu katikati, ukiacha ukingo wa giza pande zote. Mboni ya farasi imelala, ni ndefu kwenda mbele na nyuma. Wengi huichora duara na farasi anaishia kutazama kama mtu. Kona ya mbele iguse kwa waridi iliyofifishwa na kahawia. Nukta ya mwanga iwe moja, ndogo, juu ya mboni. Ikizidi, jicho linakuwa la katuni.

Kwato zifuate mguu: mguu mweupe kwa kawaida huwa na kwato ya rangi ya pembe, mweusi kwato nyeusi. Mistari ya ukuaji izunguke sambamba na ukingo wa juu wa kwato.

Vanishi ya kupuliza isiyong'aa ipigwe mchana mkavu. Wakati wa masika unyevu hunaswa ndani yake na sanamu nzima hupata ukungu mweupe. Vanishi ya kung'aa ndiyo ya mwisho kabisa, tone moja kila jicho na kidogo ndani ya pua; ukiitanguliza, ile ya kupuliza inaufuta mng'ao wote.